Karl Landsteiner, munganga aliyeonyesha kwamba damu haifuati kabila

Kila tarehe 14 mwezi wa sita, hospitali nyingi duniani huwashukuru watu wanaotoa damu yao bila malipo. Tarehe hiyo haikuchaguliwa ovyo. Ni siku aliyozaliwa Karl Landsteiner, munganga wa Austria aliyegundua makundi ya damu mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake, kumtia mgonjwa damu ya mtu mwingine kulikuwa kama kucheza bahati nasibu. Mmoja alipona, mwingine alikufa palepale kitandani, na hakuna aliyeweza kueleza sababu.

Herufi A, B, AB na O ambazo mama mjamzito huandikiwa kwenye karatasi yake ya hospitali zinatokana na kazi ya mtu huyo. Kazi hiyohiyo iliwapa polisi na mahakama njia ya kwanza ya kuuliza doa la damu limetoka kwa nani, miaka mingi kabla ya vipimo vya ADN. Tena ilionyesha jambo ambalo watu wengi hadi leo hushangaa kulisikia: ndugu wa tumbo moja wanaweza kushindwa kupeana damu, huku mtu wa kabila lingine kabisa, asiyejua hata lugha yao, akawa ndiye anayefaa.

Mtoto wa muandishi wa habari

Karl Landsteiner alizaliwa mwaka wa 1868 huko Baden, mji mdogo karibu na Vienna, ambao wakati ule ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Austria na Hungary. Baba yake, Leopold, alikuwa muandishi wa habari na mwenye gazeti anayejulikana sana. Alifariki Karl akiwa na miaka 6 tu. Mtoto akalelewa na mama yake, Fanny, na mapendo kati ya wawili hao yalikuwa makubwa kupita kawaida. Mama huyo alipofariki, Landsteiner alitunza sura yake iliyochukuliwa kwa plasta na kuitundika ukutani katika chumba chake maisha yake yote.

Jamaa yake ilikuwa ya Wayahudi. Mwaka wa 1890, yeye na mama yake walibatizwa katika kanisa Katoliki. Jambo hilo lingerudi kumsumbua akiwa mzee.

Alisomea uganga katika Chuo Kikuu cha Vienna na kupata diploma yake mwaka wa 1891. Badala ya kufungua kabine na kupokea wagonjwa, alirudi darasani kusoma kemia. Kwa miaka mitano hivi alizunguka katika laboratwari za Uswisi na Ujerumani, akijifunza kwa mabingwa wa wakati ule, akiwemo Emil Fischer ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya kemia. Waganga wengi wa Vienna walitazama ugonjwa kwa macho na kwa darubini. Yeye alirudi na swali lingine: ndani ya damu kuna vitu gani, na vinafanya nini vikikutana na vitu vya kigeni?

Mafungu madogo ndani ya chupa

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1890 alifanya kazi katika idara ya chuo kikuu hicho iliyochunguza maiti ili kujua sababu za vifo. Kwa miaka kumi hivi alipasua maiti zaidi ya 3,000. Ilikuwa kazi ngumu na yenye mshahara mdogo. Katika saa zilizobaki alifanya utafiti wake.

Wakati huo wataalamu walikuwa wamekwisha kujua kwamba damu ya mnyama wa aina moja ikichanganywa na ya mnyama wa aina nyingine, chembe nyekundu hushikamana na kuwa mafungu mafungu, au hupasuka. Waliona pia kwamba hata damu ya watu wawili inaweza kufanya hivyo. Ila wengi walidhani hiyo ni alama ya ugonjwa. Waliamini kwamba damu ya watu wazima wenye afya ni moja.

Landsteiner alifanya jaribio ambalo lingeweza kufanywa na mtu yeyote mwenye chupa chache na subira. Alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa kazini, watu wasio na ugonjwa. Akatenga chembe nyekundu na maji ya njano yanayobaki damu ikiganda. Kisha akachanganya maji ya kila mtu na chembe za kila mwenzake, moja baada ya nyingine, na kuandika matokeo kwenye jedwali.

Jedwali hilo lilitoa jibu. Kwa watu wengine chembe zilishikamana, kwa wengine hazikushikamana, na mambo hayo hayakutokea ovyo. Maji ya damu ya kundi la kwanza, aliloliita A, yalishikamanisha chembe za kundi la pili, B. Ya B yalishikamanisha za A. Kundi la tatu, aliloliita C na ambalo leo ni O, maji yake yalishikamanisha chembe za A na za B, lakini chembe zake zenyewe hazikuguswa na yeyote.

Maelezo yake ndiyo yanayofundishwa mpaka leo. Juu ya chembe nyekundu kuna alama. Mwenye alama A ana, katika maji ya damu yake, askari wa kupigana na alama B. Mwenye B ana askari wa kupigana na A. Mwenye O hana alama hizo mbili, kwa hiyo ana askari wa kupigana na zote. Ukimtia mtu wa A damu ya B, askari wake watashambulia chembe za kigeni, figo zitaharibika, na mgonjwa anaweza kufa.

Habari hiyo aliidokeza kwanza mwaka wa 1900, katika maneno machache ya chini ya ukurasa. Mwaka wa 1901 akaitangaza kikamilifu katika jarida la waganga wa Vienna. Mwaka uliofuata, wenzake Alfred von Decastello na Adriano Sturli walipata kundi la nne, lenye alama zote mbili: AB.

Doa la damu kama shahidi

Katika makala hiyo ya mwaka wa 1901, Landsteiner aliandika jambo lingine ambalo waganga wengi hawakulitilia maanani. Alikuwa amejaribu damu iliyokauka kwenye kitambaa kwa siku 14. Aliilowesha, akaipima, na bado ikafanya kazi. Akaona kwamba njia hiyo inaweza kuwasaidia wapelelezi. Mwaka wa 1903, pamoja na munganga wa mahakama Max Richter, alitangaza utafiti juu ya namna ya kutumia tofauti za damu katika kesi.

Miaka kumi na zaidi baadaye, Muitalia Leone Lattes, aliyekuwa akifanya kazi Turin, alitengeneza njia rahisi ya kupima madoa yaliyokauka. Kuanzia hapo mtu aliyesema kwamba damu iliyo kwenye nguo yake ni yake mwenyewe, na si ya marehemu, aliweza kuthibitishwa au kukanushwa kwa kipimo.

Kesi za ubaba zilikuja baadaye kidogo. Mwaka wa 1910, Emil von Dungern na Ludwik Hirszfeld, wakifanya kazi Heidelberg huko Ujerumani, walionyesha kwamba makundi ya damu hurithiwa kwa kanuni. Mwaka wa 1924 mtaalamu wa hesabu Felix Bernstein alieleza kanuni hiyo vizuri zaidi. Mtoto hupokea fungu moja kutoka kwa mama na fungu moja kutoka kwa baba. Kama mama ni A na mtoto ni B, fungu la B lazima limetoka kwa baba. Mwanamume wa O hawezi kuwa baba wa mtoto huyo, hata kama kijiji kizima kinasema wanafanana.

Lakini kipimo hicho kilikuwa na mpaka, na Landsteiner aliujua. Kiliweza kumtoa mtu katika kesi, hakikuweza kumtia. Watu wenye kundi moja ni mamilioni. Doa la O kwenye kisu halisemi ni la nani. Linasema tu kwamba si la mtu wa A, wa B wala wa AB. Ili kupunguza idadi hiyo, alihitaji alama nyingine zaidi. Akiwa New York mwaka wa 1927, yeye na Philip Levine walizipata: M, N na P. Hazileti hatari kubwa katika kutia damu, ila kwa mahakama zilikuwa za maana sana, maana ziliwezesha kuwatoa wanaume wengi zaidi waliosingiziwa.

Majaji hawakuwa tayari kila mahali. Mfano unaojulikana zaidi ni wa mchekeshaji wa sinema Charlie Chaplin, aliyeshitakiwa huko California kuwa baba wa mtoto mchanga. Vipimo vilionyesha mama ni A, mtoto ni B, na Chaplin ni O. Kwa kanuni ya damu, haikuwezekana. Hata hivyo, mwaka wa 1945 baraza la mahakama liliamua kwamba yeye ndiye baba na kwamba alipe matunzo, kwa sababu sheria ya jimbo hilo haikulazimisha mahakama kukubali kipimo cha damu. Sheria ilibadilishwa baadaye. Landsteiner hakuiona hukumu hiyo. Alikuwa amekwisha kufariki.

Polio, mbali na damu

Mwaka wa 1908 alipata kazi ya kuongoza uchunguzi wa maiti katika hospitali nyingine ya Vienna, Wilhelminenspital. Huko aliletewa maiti ya mtoto wa kiume aliyekufa kwa polio. Hakuna aliyejua ugonjwa huo unatoka wapi. Landsteiner na Erwin Popper walichukua sehemu ya uti wa mgongo wa mtoto huyo, wakaisaga na kuidunga katika wanyama. Sungura na panya hawakuonyesha kitu. Nyani wawili wakaugua.

Ilikuwa mara ya kwanza polio kuhamishwa kutoka kwa mtu hadi kwa mnyama. Kwa kuwa bakteria hawakuonekana, alifikiri kwamba kinacholeta ugonjwa ni kidogo kuliko bakteria: virusi. Nyani walikuwa ghali sana kwa hospitali yake, kwa hiyo alikwenda Paris kuendelea na kazi katika Taasisi ya Pasteur, pamoja na Constantin Levaditi. Chanjo ilipatikana katika miaka ya 1950. Wazazi wa Kivu na Ituri wanaowapokea watu wa chanjo mlangoni, ili watoto wapewe matone mdomoni, wanapokea mwisho wa safari iliyoanzia katika chumba hicho cha maiti cha Vienna.

Njaa, kisha kuhama

Vita vya kwanza vya dunia viliivunja nchi yake. Mwaka wa 1916, akiwa na miaka 48, alimwoa Helene Wlasto, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, Ernst Karl. Vita vilipokwisha, Vienna ilikuwa na njaa; makaa ya kupasha nyumba yalikosekana, na laboratwari hazikuwa na vifaa. Landsteiner alikuwa na cheo cha profesa tangu 1911, lakini bila mshahara wa cheo hicho.

Mwaka wa 1919 aliihamisha jamaa yake hadi The Hague, Uholanzi. Mtu aliyegundua makundi ya damu akaajiriwa katika hospitali ndogo ya Wakatoliki, akipima mikojo na damu za wagonjwa wa kila siku. Hata huko, katika chumba kidogo, aliendelea kutangaza tafiti. Alionyesha namna askari wa mwili wanavyoweza kutofautisha vitu viwili vya kemia vilivyo karibu sawa kabisa. Kazi hiyo ikawa msingi wa elimu ya kinga ya mwili.

Taasisi ya Rockefeller ya New York ikamwita, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akavuka bahari. Mwaka wa 1929 akawa raia wa Marekani. Wenzake walimjua kama mtu mrefu, mpole, mwenye huzuni, asiyependa sherehe wala waandishi wa habari. Alipiga piano vizuri. Aliandika makala za kisayansi zaidi ya 300.

Wakati huo ugunduzi wake wa 1901 ulikuwa umeanza kuokoa watu wengi. Mwaka wa 1907, Reuben Ottenberg wa New York alianza kupima damu ya mgonjwa na ya mtoaji kabla ya kuitia. Mwaka wa 1914, Mbeljiji Albert Hustin alionyesha huko Brussels kwamba dawa ya sitrati huizuia damu isigande ikiwa nje ya mwili. Mambo hayo mawili pamoja yalifanya damu iweze kuhifadhiwa na kupelekwa kwa majeruhi. Mwaka wa 1930, karibu miaka 30 baada ya makala yake, Landsteiner alipewa tuzo ya Nobel ya uganga.

Damu na kabila

Wakati wa vita hivyo vya kwanza, Ludwik Hirszfeld na bibi yake Hanka walikuwa wakifanya kazi Salonika, huko Ugiriki, mahali walipokusanyika askari wa mataifa mengi. Walipima damu za watu zaidi ya 8,000, wakiwemo Waingereza, Wafaransa, Wahindi, na askari kutoka Senegal na Madagascar. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 1919 yalikuwa wazi. Kadiri za makundi zilitofautiana kutoka taifa moja hadi lingine, lakini A, B na O yalikuwamo katika kila taifa. Hapakuwa na damu ya Muingereza wala damu ya Msenegali.

Hata hivyo, huko Ujerumani baadhi ya wasomi walijaribu kuyageuza makundi hayo kuwa alama za kabila. Walisema A ni ya Wajerumani wa kweli na B ni ya watu wa mashariki na Wayahudi. Vipimo viliwaangusha kila mara, maana katika nyumba moja ya Kijerumani waliweza kupatikana watu wa A, wa B na wa O wakila meza moja. Wanazi walipochukua utawala mwaka wa 1933, hawakuhitaji kipimo. Walitumia neno damu wakimaanisha ukoo, na wakatafuta babu na bibi katika vitabu vya kanisa na vya serikali.

Hofu hiyo ilimfikia Landsteiner hata New York. Mwaka wa 1937 alikwenda mahakamani kuzuia jina lake lisiwekwe katika kitabu cha orodha ya Wayahudi wanaojulikana Marekani. Alisema dini ya wazazi wake ni jambo lake la siri, na kwamba kijana wake, ambaye hakuwahi kuambiwa, angeumizwa nalo. Wako waliomlaumu kwa kuwakana watu wake katika saa mbaya. Wengine waliona ni baba aliyekuwa akisoma habari za Ulaya na kuogopa. Mwaka uliofuata, jeshi la Hitler liliingia Vienna.

Ugunduzi wa mwisho

Landsteiner alistaafu rasmi mwaka wa 1939, lakini hakuondoka laboratwari. Mwaka wa 1940, pamoja na Alexander Wiener, alitangaza alama nyingine iliyopatikana kwa kutumia damu ya nyani aina ya rhesus. Wakaiita Rh. Ndiyo inayofanya mtu aandikwe O pozitifu au O negatifu.

Alama hiyo ilieleza huzuni ya jamaa nyingi, ambayo Philip Levine naye alikuwa akiichunguza. Mama wa negatifu akibeba mimba ya mtoto wa pozitifu, mwili wake unaweza kutengeneza askari wa kupigana na damu ya mtoto. Mara nyingi mtoto wa kwanza huzaliwa salama; wanaofuata ndio huzaliwa na manjano makali, au hufia tumboni. Katika nyumba nyingi mama alilaumiwa, au jirani alishitakiwa kwa uchawi. Leo kuna sindano inayozuia hatari hiyo, mradi kundi la mama lijulikane mapema.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kutafiti kansa, kwani bibi yake alikuwa ameshikwa na kansa ya shingo. Mwezi wa sita mwaka wa 1943, siku chache baada ya kutimiza miaka 75, moyo ulimshika akiwa mezani pake pa kazi, na kifaa cha kupimia mkononi. Alifariki siku mbili baadaye, tarehe 26, katika hospitali ya taasisi hiyohiyo. Helene alimfuata kabla mwaka haujaisha.

Mwaka wa 1984, Muingereza Alec Jeffreys alipata njia ya kusoma alama za ADN, na kile ambacho Landsteiner alikitafuta kwa A, B, M na N kikapatikana: alama inayoweza kumtofautisha mtu mmoja na karibu watu wengine wote. Mahakama sasa hutumia ADN. Hospitali bado zinatumia kazi ya 1901. Kabla ya mfuko wa damu kufunguliwa kwa ajili ya mama aliyepoteza damu akijifungua, au mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, mtu wa laboratwari huchanganya damu ya mtoaji na maji ya damu ya mgonjwa, na kutazama. Kukionekana mafungu, mfuko unarudishwa, hata kama aliyeutoa ni ndugu wa mgonjwa. Yasipoonekana, damu inatiwa.